Balansi Isiyo na Springi

Saa ya mkononi aliyoileta Nasra wa Raskazone, mali ya marehemu babu yake, haikuwa na springi ndani. Na bado balansi yake, kile kigurudumu kiyumbacho huku na huku kinachoipa saa uhai, ilikuwa ikiyumba. Fundi Tahiri wa Chumbageni aliitazama kwa lenzi yake, akadhani ni mtikisiko wa bajaji zipitazo. Akasafisha vyuma, akatia springi mpya na mafuta, kisha akailaza juu ya mashine ya kupimia, ambayo huisikiliza saa kama tabibu asikilizavyo kifua. Kioo kikaonyesha mapigo elfu kumi na nane kwa saa moja, na balansi ikizunguka nyuzi mia mbili na arobaini kwa kila pigo.

"Bado mvivu huyu," alisema, maana saa yenye afya hukaribia nyuzi mia tatu.

Ilikuwa desturi yake kuijaribu kila saa kuukuu kwa siku tatu katika mkono wa mkewe, Chiku, mwanamke asiyetulia tangu alfajiri. Mkono wa Tahiri mwenyewe ulishinda mezani.

"Ya marehemu hii?" Chiku alicheka akifunga mkanda. "Akija kuidai, utamjibu wewe."

Kila alasiri Tahiri alimvua saa hiyo akaipima. Siku ya kwanza, nyuzi mia mbili na sabini. Siku ya pili, mia tatu. Na Chiku alikuwa amekaa mbele ya nazi asiyoweza kuikuna kwa kuishiwa nguvu, huku chumba kikinuka ubani ambao hakuna aliyeufukiza. Siku ya tatu zilikuwa mia tatu na arobaini, kiwango ambacho chuma chenyewe hakistahimili, na kabla Tahiri hajainua macho kutoka kwenye kioo alisikia nyuma yake kishindo, akageuka, akamwona mkewe sakafuni, hana pumzi, midomo imegeuka rangi ya majivu, na mkono mtupu umenyooshwa kuielekea mashine kana kwamba unaomba. Akamfunga tena saa ile, ndipo pumzi ikamrudia.

Sharifu Kombo, aliyeitwa baada ya Magharibi, alimsomea Ayatul Kursi mara saba.

"Nani wewe?" aliuliza kwa upole.

Midomo ya Chiku ilitikisika, na sauti ikatoka nzito, ya mwanamume mzee mno. "Mwenye saa alinipa mkono wake uwe makazi yangu. Amekufa. Nami sina pa kukaa."

"Rudi baharini."

"Nitarudi na huyu. Ama nipeni mkono mwingine."

"Usimjibu, Tahiri," sharifu alinong'ona. "Niachie nisome. Wallahi, usi..."

Lakini Tahiri alikuwa amekwisha kukunja mkono wa kanzu. "Chukua wangu."

Saa ikasimama papo hapo. Chiku akafumbua macho.

"Baba Samiha," akamwambia mumewe, "nina njaa."

Sasa Chiku anakuna nazi kama zamani. Tahiri naye, kila baada ya sala ya Adhuhuri, huufunga mlango wa duka, akaulaza mkono wake mtupu juu ya mashine. Mapigo ni elfu kumi na nane kwa saa moja, bila kosa la hata sekunde. Kwa Chiku mashine ilipima kilichochukuliwa. Kwake inapima kilichobaki. Mwanzoni ilisoma nyuzi mia tatu. Jana ilisoma mia moja na themanini. Na Tahiri, aliyezitia ufunguo saa za mji mzima kwa miaka arobaini, hajui hii iliyomo mkononi mwake hutiwa wapi.