Kadi Chini ya Paja

Walikutana katika duka la michezo, siku ya bei chee, watu wamebanana hata pa kukanyaga hapana. Lilibaki boksi moja tu la ule mchezo wa kujenga maduka na kubadilishana bidhaa. Fundi saa akashika upande huu, msusi mwenye gauni la njano akashika upande ule.

"Kaka, achia. Mimi ndiye nimeliona kwanza."

"Basi tulinunue wote, dada, tucheze wote."

"Makubwa! Hata jina langu hulijui!" Lakini alikuwa anacheka.

Tangu hapo, kila Jumapili walicheza kwa fundi. Mara ya kwanza msusi alishindwa, akanuna hata chai hakuigusa. Fundi hakuweza kuvumilia kule kununa. Jumapili iliyofuata akaficha kadi nzuri chini ya paja, na pamba yake ya mchezoni akamwuzia kwa bei ya kutupa. Msusi akashinda, akaruka, akambusu shavuni. Jamani, nani anakataa busu? Ikawa ndiyo desturi. Fundi akamwita "Tajiri wangu", naye msusi akalipenda jina.

Mpaka jioni moja simu ikalia.

"Fundi wangu! Nimeacha kazi. Nafungua saluni yangu mwenyewe. Kama nakushinda wewe kila wiki, wateja watanishinda?"

Bisibisi ikamponyoka fundi mkononi.

"Hongera, kipenzi," akasema, akajiona mwizi mtupu. Kikulacho ki nguoni mwako, na kwa huyu binti kikulacho kilikuwa ni yeye.

Kesho yake akamkuta anapaka rangi chumba alichopanga, kitambaa kichwani, rangi hadi puani. Akamweleza yote.

"Kumbe ulikuwa unanibeba kama mtoto?"

"Nilikuwa nakupenda."

"Ulikuwa unanionea huruma! Toka!"

Fundi akapiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena, wapi! Akawa anazunguka njia ya mbali, akiogopa kuiona ile saluni imefungwa kwa sababu yake.

Simu ilipolia hatimaye, sauti ilikuwa kavu. "Njoo na boksi. Leo utacheza umesimama."

Akacheza amesimama, katikati ya harufu ya mafuta ya nywele, msusi ameketi kwenye kiti cha wateja. Ubaoni ikabaki kona moja ya soko. Fundi akiichukua, msusi kwisha. Mkono ukasita.

"Na hii saluni je? Ikianguka, mimi ndiye niliyekuponza."

"Ikianguka, itaanguka ikiwa yangu. Chukua kona!"

Akaichukua. Msusi akautazama ubao, midomo inamtetemeka, na fundi akatamani ardhi ipasuke immeze. Kisha msusi akacheka, huku anajifuta machozi.

"Haya," akasema, akimvutia kiti. "Sasa kaa. Niambie tena kwamba unanipenda. Leo nitaamini."