Koki Iliyovishwa Kilemba

Nyumba ya Mama Cherehani ilikuwa nyumba ya vitambaa. Mlango ukigonga kwa upepo, aliubana kwa kitambaa. Meza ikiyumba, kitambaa chini ya mguu. Mshonaji hakosi vipande, na yeye hakutupa hata kimoja.

Kwa hiyo koki ya jikoni ilipoanza kudondosha maji, dawa ilikuwa ile ile. Kwanza mumewe aliikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Ikazidi kudondosha. Ndipo Mama Cherehani akachukua kipande chekundu, mabaki ya gauni la mteja, akakifunga kwenye mdomo wa koki.

"Sasa imenyamaza," alisema.

"Imenyamaza au imenuna?" mumewe aliuliza.

Binti yao alikuwa amemaliza kusomea uuguzi. Jumatatu angeanza kazi zahanati, na mama yake alikuwa ameapa kuwa sare yake ya kazi ataishona mwenyewe. Alinunua kitambaa cheupe cha pamba, kipande cha mwisho dukani. Jumamosi asubuhi akakiloweka kwenye sinki, kwa sababu pamba isipolowekwa kabla ya kukatwa, nguo hurudi na kuwa fupi ikifuliwa. Kisha akaenda chumbani kumpima binti yake mabega.

Aliporudi jikoni alipigwa na butwaa. Kile kitambaa chekundu kilikuwa kimelowa na kuanza kuchuja rangi. Tone moja moja liliangukia kitambaa cheupe. Upande mmoja ulikuwa umegeuka waridi.

"Mama," binti aliita kutoka nyuma yake, "hiyo si sare yangu?"

Mama Cherehani alikinyanyua kitambaa, maji ya waridi yakachuruzika. Machozi yalimlenga. Fundo lile alilifunga kwa mikono yake mwenyewe.

Baba alitoka mbio kumwita jirani yao, fundi bomba. Mtaa mzima ulimwita Shangazi Spana. Aliingia na sanduku lake la vifaa, akaitazama koki, akacheka.

"Nani ameivisha koki kilemba?"

"Ni mimi, shangazi," Mama Cherehani alisema kwa sauti ndogo.

"Haya, ivue. Kitambaa cheupe kwanza, koki baadaye. Kisuuze sasa hivi kwa maji safi ya baridi, kisikauke na hilo doa."

Walisuuza, wakabadili maji, wakasuuza tena. Rangi ikatoka karibu yote. Pembeni pakabaki doa lenye ukubwa wa kiganja.

"Sasa nitengenezee koki," Mama Cherehani alisema.

"Sikutengenezei. Utatengeneza wewe, mimi nitakaa hapa."

"Shangazi, mimi ni mtu wa sindano."

"Mkono unaotunga uzi kwenye sindano utashindwa na koki? Anza. Kafunge koki kuu iliyo nje, maji yasije yakakurukia."

Aliifunga. Akarudi, akaifungua ya jikoni mpaka maji yaliyobaki yakaisha.

"Tafuta kitambaa."

"Si umenikataza vitambaa?"

"Hiki kina kazi. Ziba tundu la sinki, skrubu isitumbukie."

Mama Cherehani alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alifungua skrubu kwa bisibisi, akatoa mkono wa koki. Akashika spana, akazungusha nati iliyokuwa chini yake kuelekea kushoto. Ilikuwa ngumu, kisha ikalegea. Akachomoa kiini cha koki, na mwishoni kabisa alikuta mpira mdogo wa duara, umelika na kupasuka.

"Mgonjwa wako ni huyo," Shangazi Spana alisema. "Mpira ukichakaa, maji hupita. Na ukikaza sana unauponda zaidi."

Baba alijifanya anatazama dirishani.

Shangazi alitoa mpira mpya. Mama Cherehani aliulinganisha na ule wa zamani, kama anavyolinganisha vifungo. Ulikuwa saizi ile ile. Akafuta uchafu ndani, akauweka, akarudisha kila kitu, cha mwisho kutolewa kikitangulia, kisha akaifunga koki. Binti akafungua koki kuu polepole.

Wote wakakodolea macho mdomo wa koki. Hakuna tone.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," baba alisema.

"Na wewe ulikuwa unaukaza huo ufa," mkewe akamjibu.

Shangazi Spana aliinama kukusanya vifaa. Goti la suruali yake likatoa mlio. Lilikuwa limezibwa kwa tepe ya mabomba.

"Shangazi, umeiziba suruali kwa tepe?"

"Kila mtu na dawa yake."

"Basi kaa hapo. Leo hatoki mtu hapa bila kujifunza."

Mchana ule fundi bomba alijifunza kutia kiraka. Alijichoma kidole, akalalamika kuliko mtoto, lakini kiraka kilikaa sawa.

Jumapili sare ikakamilika, nyeupe pe. Binti aliigeuza huku na huku.

"Mama, doa liko wapi?"

"Mfukoni, upande wa ndani. Ni lako wewe tu."

Jumatatu mchana simu ililia. Ni binti, akipiga kutoka kazini.

"Mama, wote wameisifu sare. Ila kuna jambo. Sinki la hapa linadondosha, na wenyewe wameifunga koki bendeji."

Mama Cherehani alishusha mkasi.

"Waambie wasiikaze," alisema. "Nakuja na spana."