Ngoma ya Msumeno

Zahor bin Mbarak alinipigia simu baada ya sala ya Alasiri, akaniomba niende kwake mtaa wa Mabela, nje ya mji, kumtengenezea mashine ya kukatia nakshi. Ulikuwa mwaka 2001. Nilikwisha kustaafu kazi ya umeme, na nilikuwa nikiwatengenezea watu wa karibu tu.

Mashine yenyewe ni msumeno mwembamba kama uzi, unaopanda na kushuka katikati ya meza ndogo ya chuma. Pembeni ina kitufe cha kuzungusha. Ukikipeleka kushoto msumeno unakwenda polepole, ukikipeleka kulia unakwenda mbio. Zahor, karani wa wizara, aliitumia jioni kukatia marufaa za kuwekea misahafu.

"Haukubali tena kwenda polepole, Ami Sleyum. Nikiuwasha tu, mbio moja kwa moja."

"Basi kata mbio, bwana."

Hakucheka.

"Njoo leo, Ami. Nnakuomba."

Nilifika jua likielekea kuzama. Nyumba ilikuwa mpya, bado ikinuka rangi. Chini ya harufu ile palikuwa na nyingine, ya udi uliofukizwa mno. Zahor alinipitisha sebuleni bila ya kunikaribisha kahawa, akaniingiza katika chumba cha ndani. Mashine ilikuwa hapo, na mlango wa chumba cha kulala ulikuwa wazi mbele yake.

Nilijiuliza, nani anaweka msumeno karibu na kitanda?

Kitandani alilala mkewe, Nasriya binti Khalfan. Majirani walimwita Nasra, lakini jina lake ni Nasriya. Nilikuwa shahidi wa nikaha yake. Macho yalikuwa wazi. Visigino vyake vilikuwa vikipiga godoro. Haraka haraka, bila ya kupumzika.

Miguuni pake alikaa shangazi wa Zahor, Bi Bakhita.

"Umekuja na miwani yako," aliniambia. "Vizuri. Labda utaona kitu."

"Kamwoneni daktari," nilisema.

"Kamwona. Kampa vidonge vya usingizi. Aliyelala ni daktari." Alishusha sauti. "Sleyum, huyu ana mtu wake. Katoka naye Unguja, na Nasriya ndiye kiti anachokalia pepo huyo. Kule tukimpigia ngoma yake, anatulia, anatuachia mwanetu. Hapa ng'ambo utapiga ngoma wapi? Jirani huyu mutawwa, mtu wa dini, na yule polisi."

Zahor alitazama sakafu.

"Msumeno ukienda polepole," alisema, "unapiga kama ngoma yake. Niligundua siku moja nikikata. Alilala kama mtoto. Tangu hapo nauwasha kila jioni, hata bila ya ubao."

"Na tangu uharibike?"

"Hajala. Hajanywa. Hanijui."

"Asipopata ngoma yake," alisema Bi Bakhita, "ataondoka na kiti chake."

Mimi nilisomeshwa na Waingereza, na mambo hayo nilifundishwa kuyacheka. Sikucheka. Niliutazama uso wa Nasriya, midomo imepasuka kwa kiu, nikafungua begi langu.

Kasoro ilikuwa wazi. Kile kipande cheusi cha miguu mitatu kinachopimia mota umeme kilikuwa kimeungua, na umeme ukawa unapita wote bila ya kuzuiwa. Kitufe nacho kilikuwa kimelika ndani. Vipuri vyote viwili nilikuwa nimevinunua njiani, sokoni Ruwi, kwa kuwa niliikisia kasoro tangu kwenye simu. Nikavilehemu, Zahor akinishikia taa.

Alinionesha alama ya wanja kwenye ganda la mashine.

"Hapa ndipo penyewe, Ami. Usipapite."

"Alama hiyo ni ya kitufe cha zamani," nilimwambia. "Hiki kipya kipimo chake kingine. Itabidi tupatafute."

Kila fundi hujaribu kwa namna moja. Huanza chini kabisa, akapandisha taratibu.

Nikawasha.

Tk... tk... tk...

Visigino vikasimama.

"Alhamdulillahi," alinong'ona Zahor.

Nikapandisha kidogo.

Kitandani mzee mwanamume akakohoa. Sauti ilitoka katika koo la Nasriya.

"Nani kanigongea?"

Nikapandisha tena, nikidhani nitampita. Akacheka mwanamke, kicheko kirefu chembamba, akasema maneno ya lugha nisiyoijua. Chumba kikanuka maji ya maua yaliyooza.

Bi Bakhita aliruka kutoka kitandani.

"Huyo si wetu! Kila ngoma ina mwenyewe, Sleyum! Unawagongea mlango wote!"

Nikarudisha. Taratibu, unywele kwa unywele. Kati ya aliyecheka na aliyekohoa...

"Zahor."

Nikauondoa mkono.

"Zahor, nipo hapa. Usizungushe."

Ilikuwa sauti ya Nasriya. Zahor alipiga magoti mlangoni.

"Muulize jambo," alisema Bi Bakhita. "Hawa huigiza."

"Mama yako," aliuliza Zahor, "alikuwa akikuita nani?"

Alijibu kwa haya:

"Kitumbo. Kwa kuwa nikililia chakula kila saa."

Zahor akaangua kilio. Jina lile halikutoka nje ya familia. Hata mimi ndiyo kwanza nililisikia siku ile.

"Hapa pembamba, Zahor," alisema Nasriya. "Wananisukuma."

Magharibi ilikuwa imeingia. Mtaa mzima, watu walikuwa wakirudi majumbani na kuwasha viyoyozi. Taa ilififia kidogo, kama inavyofifia kila jioni, na msumeno ukapungua mwendo. Mkono wangu ulikuwa mbali. Sikugusa kitu.

Mzee akakohoa.

"Mrudishe!" alilia Zahor. "Ami, mrudishe!"

Nikazungusha unywele mmoja.

"Zahor, nipo hapa. Usizungushe."

"Nani? Mama alikuita nani?"

"Kitumbo."

Akashukuru. Lakini mimi nilikiona kitufe. Hapakuwa pale pa mwanzo. Nikasogeza mpaka pale alipocheka mwanamke.

"Zahor, nipo hapa. Usizungushe."

Nikasogeza tena. Na tena. Mpaka juu kabisa, msumeno ukivuma na meza ikitikisika.

"Zahor, nipo hapa. Kitumbo. Usizungushe."

Sauti ile ile. Haya ile ile.

"Wamesikia," alisema Bi Bakhita. Alikuwa amejibanza ukutani. "Wote wamelisikia jina lake."

Moshi mwembamba ulianza kutoka kwenye mota.

"Lazima tuzime," nilisema.

"Atakayekuwa amekaa kitini ngoma ikikoma," alisema Bi Bakhita, "ndiye atakayebaki."

Zahor alinishika kifundo cha mkono.

"Ami, wewe una masikio ya fundi. Niachie wapi?"

Nilisikiliza. Wallahi nilisikiliza kwa nguvu zangu zote. Sikuweza kumtofautisha.

Nikakiachia kitufe.

Akakishika kitufe mwenyewe, akafumba macho, akazungusha, akaacha. Nikazima.

Nasriya akaketi. Akaomba chai.

Walikuja kwangu siku ya Idi. Nasriya alikuwa na afya, amenenepa, anacheka na wanangu. Zahor alikuwa amekonda, na ncha za vidole vyake zilikuwa na malengelenge. Alizungumza kidogo, kisha akatoka kwenda kuwasha gari.

Nasriya alichelewa mlangoni. Aliinama kunibusu mkono, na hakuuachia.

"Ami Sleyum, mseme Zahor. Kila jioni ananiketisha mbele ya mashine ile, anazungusha. Ati anamtafuta mkewe."

"Nimwambie nini, mwanangu?"

Alitazama nje, gari lilikokuwa likinguruma.

"Aache," alininong'oneza. "Akizungusha, tunaumia sote."