Ndume Asiyekataa Mzigo

Jogoo wa kwao Nekoye hakuwa na kazi. Aliyeamsha boma zima kila asubuhi alikuwa Ndume. Wekoye, kaka yake Nekoye, alibonyeza kitufe cha kuwashia, Ndume akanguruma, na kuku wakatawanyika wakilalamika. Kufikia wakati huo Nekoye na mama yao, Phelista, walikuwa wamekwisha kukamua na kuchuja maziwa. Mikebe ilipakiwa kwenye trela na kufungwa kwa kamba. Kisha Nekoye akapanda nyuma ya kaka yake, mkoba wa shule mgongoni, wakashika njia ya kwenda kituo cha maziwa katika mji mdogo wa Kwanza.

Usidhani Ndume alikuwa fahali. Alikuwa pikipiki kubwa ya magurudumu manne, ya kazi za shamba, yenye kifua kipana na matairi yenye meno kama ya trekta. Baba alikuwa ameinunua miaka mitatu iliyopita kutoka kwa meneja wa shamba la maua aliyekuwa akihama. Jina la Ndume walilitoa majirani wenyewe siku ilipolivuta gari la harusi kutoka kwenye tope, bibi arusi akiwa ndani na shela lake.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa sifa tupu. Mvua iliponyesha na barabara kugeuka uji, malori yalizama, pikipiki za kawaida ziliteleza, Ndume akapita. Mwaka wa pili ndipo walipomjua vizuri. Lo! Alikunywa petroli kama ng'ombe aliyelamba chumvi. Miiba ilimtoboa magurudumu. Baridi ya Julai ilimuulia betri. Jua lilipowaka, injini iliyokuwa chini ya kiti ilimchoma abiria mapaja. Hata hivyo walimvumilia, kwa sababu maziwa yalifika. Mwaka wa tatu ndio uliowachosha kabisa, na kilichowachosha ni mkanda.

Huo mkanda ni wa mpira, nao hukaa ndani ya kifuniko ubavuni. Kazi yake ni kuchukua nguvu za injini na kuzipeleka kwenye magurudumu. Ukikatika, injini hunguruma mpaka ichoke, lakini magurudumu hayatikisiki. Tangu shule zifunguliwe mikanda miwili ilikuwa imekatika, na Jumanne ile, katikati ya mwinuko wa kutoka mtoni, Nekoye alinusa tena harufu ya mpira unaoungua.

"Si tena!" alilia. "Weko, si tena!"

Ndume alitoa mlio wa kupasuka, akasimama. Wekoye aliteremka, akalipiga teke gurudumu, kisha akashika mguu wake kwa maumivu.

"Mashine gani hii, bana! Ati Ndume! Ndume wa nini?"

Walisubiri msaada hadi jua likawa kali. Maziwa yalipofika kituoni kwa mkokoteni wa punda, mpokeaji alifungua mkebe wa kwanza, akanusa, akaufunga tena.

"Pole, hii imeharibika. Siwezi kuchanganya na ya wengine."

Nekoye aliingia darasani somo la Hisabati likiwa limekwisha, soksi zimejaa tope. Maziwa ambayo mama yake aliyakamua kwa vidole vilivyokufa ganzi yalikuwa yamekwenda kwa nguruwe wa watu. Alitamani kumpiga mtu, lakini hakujua ampige nani.

Baba yao, Bwana Wamalwa, alikuwa karani katika ofisi moja mjini Bungoma, akija nyumbani Ijumaa jioni tu. Ijumaa hiyo hata chai hakumaliza.

"Nimechoka," alisema. "Mkanda wa tatu! Namuuza. Kuna mtu wa Bungoma, Bwana Khisa, anamtaka. Kesho tunakutana naye Kitale kwa fundi. Mkanda ukishawekwa, ataondoka naye."

"Na maziwa, Baba?" Nekoye aliuliza.

"Baiskeli iko."

Nekoye aliijua baiskeli hiyo. Kabla ya Ndume, yeye ndiye aliyeisukuma kila alfajiri, mkebe umefungwa nyuma, akipanda ule mwinuko huku akihema. Alifika shuleni kila mara wenzake wakiwa katikati ya somo, akasimamishwa mlangoni pamoja na wachelewaji wengine. Hisabati ilimpita hivyo mwaka mzima. Sasa alikuwa gredi ya sita, na mtihani ulikuwa muhula ujao. Ndume akienda, asubuhi zake zilikuwa zimekwenda naye.

"Baba, tafadhali. Mtihani—"

"Nekoye, nimesema."

Kesho yake walimfikisha Ndume Kitale juu ya gari la kukodi. Gereji ilikuwa nyuma ya duka la pembejeo, na fundi alikuwa mwanamke aitwaye Wahu, mwenye ovaroli ya buluu na sauti ya kusikika hata nyundo zikigonga. Bwana Khisa alikuwa amekwishafika. Alikuwa mnene, mcheshi, naye alimzunguka Ndume akimpapasa kama mtu aliye kwenye soko la ng'ombe.

Wahu alifungua kifuniko, akatoa vipande vya mkanda, akavinusa.

"Huu haukuzeeka," alisema. "Umeungua. Nani anaendesha?"

"Mimi," Wekoye akajibu.

"Ukivuta mzigo unatumia gia gani? Kuna ya mbio na ya nguvu."

"Ile ya nguvu," Wekoye alisema haraka, macho yakiwa kwenye viatu vyake.

"Na unabeba nini?"

"Maziwa tu."

"Maziwa tu?"

"Maziwa tu, si nimesema?"

Wahu alijipangusa mikono polepole. "Bwana Wamalwa, kama ni maziwa tu, tena kwa gia ya nguvu, basi ugonjwa uko ndani ya mashine yenyewe. Nikiweka mkanda mpya utaungua pia. Sitakudanganya wewe, wala huyu anayenunua."

"Basi nimpunguzie bei aende naye hivyo hivyo," Baba akasema kwa uchungu. "Atajua la kufanya."

Nekoye alihisi masikio yakiwaka moto. Maziwa tu! Alijua vizuri kilichokuwa kwenye trela ile. Tena alijua zaidi ya hapo, na hilo ndilo lililomfunga mdomo, kwa maana mzigo huo aliuanzisha yeye mwenyewe.

Ilianza kwa majigambo ya shuleni. "Ndume wetu anaweza kuvuta hata nyumba," alimwambia rafiki yake Jerono. Mama Jerono aliuza viazi sokoni Kwanza. "Mwambie mama yako alete gunia langoni kwenu. Tutalipitia." Wakalipitia gunia moja. Wiki iliyofuata yakawa mawili. Kisha jirani mwingine, Mzee Ngari, akasimama hapo na kabichi zake. "Ongeza hii moja tu, kijana wangu, Ndume hashindwi." Nani angemkatalia mzee mkono ukiwa umenyooshwa? Huko kwao, mwenye chombo cha usafiri akimkatalia jirani, habari hufika kanisani kabla yake. Isitoshe, Mama Jerono alimpa Wekoye mandazi moto, na Nekoye akapewa lake. Waliondoka langoni pale trela imebonyea, na nyumbani hawakusema kitu.

Na gia? Gia ya nguvu ilimfanya Ndume atambae. Siku moja vijana wa bodaboda walimpita Wekoye wakipiga honi. "Niaje, Weko! Unachunga kinyonga?" Tangu siku hiyo Wekoye hakuigusa tena. Nekoye naye hakulalamika, kwa sababu gia ya mbio ilimfikisha shuleni mapema.

Alimtazama Baba, ambaye alikuwa tayari anatafuta funguo mfukoni ampe Bwana Khisa. Akinyamaza, Ndume ataenda. Akisema, yeye na kaka yake wataaibika mbele ya wageni.

"Si maziwa tu," alisema.

Wote waligeuka.

"We Nekoye! Nyamaza bana!" Wekoye alifoka.

"Sinyamazi! Tunabeba viazi vya kina Jerono na kabichi za Mzee Ngari, Baba. Magunia hata matano. Na Weko anapanda mlima kwa gia ya mbio kwa sababu wanamcheka. Lakini mimi ndiye niliyewaambia walete. Niliringa shuleni. Weko alinifuata tu."

Baba alimtazama Wekoye, na Wekoye akageuka kutazama trela. Uso wa Baba ulikunjamana vibaya sana hata Nekoye akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Siku zote hizi," Baba alisema kwa sauti ya chini, "nimelaani mashine. Nimemlaani meneja aliyeniuzia. Kumbe adui yuko mezani kwangu anakula ugali."

"Lawama baadaye," Wahu alisema. "Kwanza tupime."

Aliweka mkanda mpya, akapakia magunia ya mchanga kwenye trela, si mengi sana, akamwambia Wekoye apande mwinuko wa nyuma ya gereji kwa gia ya nguvu. Ndume alipanda polepole, bila haraka wala harufu. Alipofika juu, Wahu aliweka kiganja kwenye kifuniko.

"Gusa, Bwana Wamalwa. Vuguvugu tu. Huyu hana ugonjwa. Anaonewa."

Bwana Khisa alipiga makofi. "Kumbe ni mzima! Basi hakuna haja ya kupunguza bei. Nipe funguo, ndugu yangu, nimchukue sasa hivi!"

Baba alizitazama funguo mkononi mwake. "Sijui," alisema. "Pengine umchukue tu. Akirudi nyumbani, Jumatatu majirani watakuwa langoni na magunia. Mimi niko Bungoma. Nani atawakatalia?"

Nekoye alisogea mbele. "Mimi. Mimi ndiye niliyewaita. Nitawaambia mimi."

Baba alimkazia macho. Kisha akazirudisha funguo mfukoni. "Samahani, Bwana Khisa. Nimekutoa Bungoma bure. Chakula cha mchana ni juu yangu."

"Nimefuata ndume, nalishwa chakula cha mchana," Bwana Khisa alinung'unika, lakini alikwenda kula.

Kusema gerejini ni rahisi. Jumatatu asubuhi, Nekoye alipomwona Mama Jerono langoni kwake akiwa na magunia yake, alitamani Wekoye apite bila kusimama. Wekoye alisimamisha Ndume, akaangalia kando. Hakutaka kumsaidia. Alikuwa bado amenuna.

"Shikamoo, Mama Jerono."

"Marahaba, binti yangu. Leo ni manne tu. Weko, shuka unisaidie."

"Mama, leo hatuwezi. Ndume anaungua mkanda kwa sababu ya mzigo. Maziwa yetu yameharibika mara tatu. Kosa ni langu, nilikuambia ulete bila kumuuliza Baba. Naomba unisamehe."

Mama Jerono aliachilia gunia likaanguka. "Ati hamwezi? Juzi mliweza! Siku hizi mmekuwa matajiri, mnachagua watu?"

"Hapana, Mama. Jumamosi, Baba akiwepo, tutakuja na trela tupu. Magunia mawili. Baba amekubali."

"Mawili!" Mama Jerono alisonya. "Nenda zako, mtoto."

Waliondoka bila mandazi. Ndume alipanda ule mwinuko akitambaa, bodaboda zikampita na honi zao, na Wekoye akauma meno, lakini mkono wake haukugusa gia. Mpokeaji wa kituo alifungua mkebe, akanusa, akamimina. Nekoye alikaa kwenye dawati lake kabla ya kengele. Hata hivyo hakufurahi, kwa sababu Jerono alihamia dawati jingine, na juma zima hakumsemesha.

Jumamosi Baba na Wekoye walikwenda kwa Mama Jerono kuchukua magunia mawili, kama walivyoahidi. Walirudi na ujumbe mkavu: "Mwambieni Nekoye, Jerono atakuja kusoma Hisabati naye kesho." Jioni hiyo Nekoye alimkuta Baba akiondoa tope kwenye matairi kwa kijiti, akaketi karibu naye.

"Baba, bado umekasirika?"

"Kidogo. Unajua kilichoniuma zaidi? Si mikanda. Ni kwamba fundi aliuliza, na kaka yako akamdanganya. Fundi ni kama daktari. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ungenyamaza pale, leo Bwana Khisa angekuwa na mashine nzima, nasi tungekuwa na baiskeli na uongo wetu."

Wekoye, aliyekuwa akifunga kamba za trela, aliinamisha kichwa. "Nimekosa, Baba," alisema. "Na wewe, Neko, nisamehe. Nilinuna bure."

"Lakini Mama Jerono aliniona mbaya," Nekoye alisema. "Nilidhani kusaidia ni kukubali kila kitu."

"Ahadi yako ya kwanza ilikuwa ya majigambo, haikuwa msaada. Ulimpa nguvu ambazo si zako. Haya mawili ya Jumamosi ndiyo msaada, kwa maana tunayaweza." Baba alikitupa kile kijiti, akampiga Ndume kofi la taratibu ubavuni. "Huyu ukimpakia magunia kumi atavuta mpaka aungue. Hana mdomo wa kusema yamemzidi. Wewe unao, mwanangu. Utumie mapema."