Kitambaa Kilichovaliwa

Jua lilikuwa linazama nilipompelekea kaka yangu fremu yake ya mwisho. Mimi ni fundi wa fremu. Naunga mbao, nawamba kitambaa, napigilia misumari midogo kuzunguka ukingo mpaka kitambaa kikigongwa kwa kidole kilie. Kaka ndiye aliyekuwa mchoraji, na wachoraji wenzake walimcheka kwa jambo moja: hakutaka kabisa kitambaa kipya.

"Cha dukani kimekufa," alikuwa akisema. "Niletee kilichovaliwa, kilichokunywa jasho. Hicho ukikipiga, kinajibu."

Na kweli alikuwa anakipiga. Brashi aliiacha miaka mingi iliyopita. Alichovya mnyororo wa baiskeli kwenye rangi nyeusi, akakichapa kitambaa. Alikikwangua kwa chanuo la chuma, akakimwagia chumvi na siki, akakipitishia moto wa gesi mpaka rangi ikatoka malengelenge. Alisema walimu wake ni ukuta uliolowa mvua na bati lililoota kutu, vitu visivyo na sura lakini ukivitazama unajua vimeumia.

"Nyumba ukiichora, mtu anaona nyumba, anapita zake," aliniambia. "Mimi nachora pigo. Pigo linasikika mwilini."

Wala hakusema picha imekwisha. Alisema imeshiba.

Ujanani mkono wake ulikuwa mwepesi kupiga, na mkewe, wifi yangu, aliyajua makofi hayo vizuri. Kisha kaka akaanza kuchora kwa mtindo huo, mkono ukatulia nyumbani, sote tukashukuru. Tukasema sanaa imemtia adabu.

Lakini wifi hakuacha kuvaa mikono mirefu.

Siku moja jikoni kwake mtandio ulimteleza nikaiona shingo yake. Mistari minne, sambamba, imevilia damu. Mistari hiyohiyo nilikuwa nimeiona juzi yake kwenye picha ya kaka, nilipokuwa naizungushia fremu. Na kitambaa cha picha ile kilikuwa shuka la wifi. Nilikiwamba mimi mwenyewe. Nilielewa palepale, na niseme ukweli, nilinyamaza. Nilimpenda kaka, niliipenda kazi yake, na shingo haikuwa yangu. Nikamimina chai.

Safari hii kitambaa aliniletea wifi, vipande vyeupe vimeshonwa pamoja kwa mkono. Kwenye kona ya chini kushoto kilipungua kwa upana wa kiganja. Fundi mwenye akili angekirudisha. Mimi sikutaka usumbufu. Nilikata kipande cha aproni yangu kuukuu, pale ninapofutia mkono wa kushoto, nikaungia, nikapigilia misumari. Chini ya rangi nani angejua?

Kaka alinipokea mlangoni mwa karakana yake, amechangamka.

"Fundi bingwa! Nilidhani umeolewa njiani."

"Nani anioe na harufu hii ya gundi?"

Akacheka. Akakigonga kitambaa kwa kidole... akashtuka, akajishika kifua.

"Hiki kina uhai," akanong'ona.

Akaingia nacho, akafunga komeo kwa ndani kama kawaida yake. Hakuruhusu mtu kumtazama akifanya kazi.

Nilipogeuka, wifi alikuwa amekaa kwenye benchi la nje. Mikono wazi, mara ya kwanza kwa miaka. Makovu yalikuwa yamepandana, yaliyopona na yasiyopona, na mimi nikatazama chini kwa aibu.

"Kaa, wifi," alisema. "Leo nimekuja kusikiliza."

Kiganjani alikuwa na vifungo vyeupe. Alikuwa anavichezea kwa kidole, kimoja baada ya kingine.

Ndani, mnyororo ulichovywa kwenye ndoo ya rangi. Nilisikia ukidondosha matone sakafuni.

Kimya...

Paa!

Kaka akapiga ukelele.

Nikavitazama tena vile vifungo. Vipande vyeupe vilivyoshonwa pamoja... yalikuwa mashati. Mashati ya kaka.

"Wifi, umefanya nini?"

"Aliomba kilichovaliwa," akanong'ona. "Nimempa kilichovaliwa."

Niliurukia mlango, nikaupiga kwa ngumi, nikaupiga kwa bega. "Kaka! Acha! Weka mnyororo chini!"

Paa!

Kitu kizito kilianguka. Nikamsikia akihema, karibu sana na mlango. Kisha, Mungu anisamehe, nikamsikia anacheka.

"Mdogo wangu... nalisikia! Miaka yote hii nilikuwa nabahatisha. Sasa pigo nalisikia!"

"Utakufa!"

"Bado haijashiba."

Paa! Paa! Halafu chanuo la chuma likaanza kukwangua, taratibu, kutoka juu mpaka chini, na kaka akawa anakoroma kama ng'ombe anayechinjwa. Harufu ya siki ikapenya chini ya mlango. Siki na chumvi, juu ya mgongo uliokwisha kuchanwa.

Pigo lililofuata lilinipata mimi.

Kiganja changu cha kushoto kilipasuka kuanzia kidole gumba hadi kifundo cha mkono, na hakuna kilichokigusa. Damu ikaruka mlangoni. Nilikikodolea macho. Kona ya chini, kushoto... aproni yangu.

Wifi alisimama. "Mbona wewe?"

"Kilipungua," nikalia. "Niliungia changu."

Alikitazama kile kiganja. Ndani, moto wa gesi ukawaka, vuuu...

"Kumbe," alisema wifi. Akakaa tena.

Seremala jirani ndiye aliyeuvunja mlango kwa shoka. Kaka alikuwa amelala kifudifudi, mkono wa kulia bado umeshika bomba la gesi. Shati mwilini mwake lilikuwa zima, halina hata tundu, ila lilikuwa limelowa damu lote. Seremala alipolivuta, ngozi ilitoka nalo, na mbavu zikaonekana. Upande mmoja wa uso ulikuwa umeiva. Na ukutani, picha. Inaniuma kusema hivi, lakini hajawahi kuchora nzuri kuliko ile.

Daktari aliandika kwamba alijiumiza mwenyewe.

Kaka hakufa. Amelala chumba cha mbele, hasemi, macho tu ndiyo yanayofuata nyayo za mkewe. Wifi anamlisha, anamgeuza, anambadilishia mashuka. Picha ameitundika sebuleni. Kama jambo hili alifundishwa na mtu, au aliligundua mwenyewe kwa miaka ya kuumia, mimi sijui. Nilimuuliza mara moja, akaniambia nimsogezee sukari. Nilimwomba aniruhusu nikate kona yangu tu, kwa kisu.

"Ukiikata," aliniuliza, "unadhani utabaki na mkono?"

Kuichoma moto ndiyo kabisa, sithubutu hata kuwaza.

Wifi ni mwanamke msafi. Kila asubuhi akishafagia huikung'uta picha vumbi kwa ufagio, kuanzia juu, na majirani humsikia kaka akilia chumbani, husema maskini, vidonda hivyo. Mimi naishi upande wa pili wa ukuta, nasikia kila pigo la ufagio. Kona yangu huiruka. Lakini siku nyingine akifika hapo husimama kwanza.

"Ulijua," aliniambia juzi, kwa upole kabisa. "Uliiona shingo yangu, ukamimina chai."

Sasa ni saa tatu asubuhi. Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto nimeulaza mezani, kiganja juu, kovu linanitazama. Kaka ameacha kulia. Ufagio umenyamaza.

Katikati ya kiganja, ngozi imeanza kubonyea... upana wa ukucha.