Gauni la Mgongo Wazi

Mtaa mzima ulimwita Mama Maombi, na jina hilo alilivaa kama taji. Kila Jumapili aliwasimulia wenzake jinsi Mungu anavyosema naye. Kusema, kweli alisema naye. Kutii ndiko kulikokuwa na kazi.

Asubuhi ile, akiwa magotini, neno lilimjia wazi, kama la mtu aliyeketi kitandani pake: *Leo usipokee kazi ya mgeni.*

Akasema amina. Akaenda kufungua cherehani.

Jua likizama, mwanamke asiyemjua akasimama barazani, kitambaa cheupe kwapani. Alinuka udongo uliotoka kuchimbwa.

"Nimeambiwa mkono ni wako tu, fundi. Wengine wanachafua vitambaa."

Basi. Sifa kiduchu, na lile neno la asubuhi likamtoka kama maji kwenye tenga.

"Gauni la nani?"

"Msichana. Hakuweza kuja."

"Zipu niweke nyuma au ubavuni?"

"Mgongo uache wazi. Wote."

"Sasa dada yangu, atalivaaje?"

"Havai. Atavalishwa."

Fundi akacheka. Akacheka peke yake.

"Na vipimo?"

Mgeni akanyoosha kidole ndani, alikokuwa binti wa fundi akimenya vitunguu. "Wanalingana."

Hakuna fundi ambaye hajafanya hivyo: mteja hayupo, unapimia wa nyumbani. Akakata, akaunga mabega na mbavu harakaharaka, akamwita mwanawe, akamvisha.

"Mama, lina baridi."

"Simama wima. Acha madeko."

"Mama…"

Akaanguka.

Fundi alipogeuka, baraza lilikuwa tupu. Harufu ilibaki.

Akamburuta binti hadi kitandani. Akaanza sala yake ya hadharani, ile ya radi na ngurumo, inayowaliza wageni kanisani. Haikufika hata darini. Midomo ya mtoto ikawa ya kijivu. Kifua kikatulia…

Ndipo naye akanyamaza. Akachukua wembe, akaanza kufumua gauni, mshono baada ya mshono, vidole vikivuja damu.

"Baba," akanong'ona, "uliniambia. Nilisikia. Nikafanya nilivyotaka, kwa kupenda kusifiwa tu. Kosa ni langu. Usimwache huyu alilipe."

Akaendelea kufumua.

Uzi wa mwisho ulipokatika, binti akavuta pumzi. Ndefu, ya kukwaruza, kama aliyeibuka majini.

Fundi akamkumbatia, akalia bila sauti. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alimhisi Mungu yu karibu. Karibu kabisa, chumbani humohumo.

Kilichomtisha ni kwamba si Mungu peke yake aliyekuwa karibu.

"Mama," binti akanong'ona, macho bado yamefumbwa, "mwambie aache."

"Nani, mwanangu?"

"Huyu anayenipima miguu."