Pete ya Nusu Shekeli

Jumamosi ile soko la Tabora lilikuwa limefurika, na Recheli, ndani ya gauni lake la kitenge cha njano, alikuwa ameshafukuzwa na wauza mchele wawili. Walidhani anawachezea. Nani mwenye akili timamu anaomba kupimiwa gramu kumi na moja? Akajaribu kwa muuza asali.

"Kaka, mizani yako inaweza kupima gramu kumi na moja na nukta nne?"

Kijana akainua uso. Mrefu, shati la drafti, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko.

"Dada, mizani hii ni ya nta, chini ya nusu kilo haioni kitu. Ni dawa?"

"Ni shekeli moja. Ya Waebrania wa kale."

"Ehe!" Akamsogezea kigoda. "Kaa. Hii lazima niisikie."

Recheli akaeleza. Anafundisha shule ya Jumapili usharika wa Mtendeni, na wiki ijayo watoto wake watashindana na sharika nyingine kuonyesha vipimo vya Biblia. Anataka wabebe kwa mikono yao uzito wa mkuki wa lile jitu la Wafilisti. Ncha yake peke yake shekeli mia sita.

"Kilo sita na gramu mia nane arobaini," kijana akasema, Recheli hata simu hajaitoa. "Usishangae. Nilichimba dhahabu Nzega. Kule gramu usipozijua, unalia. Nilitoka na kipunje kimoja tu, kimelala kwenye kiberiti mpaka leo. Naitwa Zablon. Na talanta je?"

"Shekeli elfu tatu. Kilo thelathini na nne na ushee."

"Frasila mbili na kidogo! Babu alisema babu yake alibeba pembe za frasila mbili begani, kutoka hapa mpaka pwani."

"Talanta nzima begani?" Recheli akaduwaa.

Zablon akamdondoshea asali kwenye kidole cha pete. "Onja, mwalimu. Hiyo haina kipimo."

Wakapeana namba, na wiki nzima simu haikupoa.

"Bi Shekeli, umeshindaje?"

"Salama, Bwana Frasila."

"Hebu niambie, kichwa changu kina shekeli ngapi?"

"Kitupu hakipimwi!"

Kufika Alhamisi Recheli alikuwa amependa, tena amependa kweli, mpaka chai akaitia chumvi. Zablon aliposema, "Mkuki niachie mimi, mpenzi. Nitafunga dumu la asali kwenye mti, uzito kamili," hakuuliza mara mbili.

Jumapili mwamuzi alikuwa Mzee Mahona, mstaafu wa kazi ya vipimo, na mizani yake alikuja nayo mwenyewe. Akalitundika dumu. Akavaa miwani, akaisogeza, akasoma tena.

"Kilo tisa na nusu. Mwalimu, jitu lako limenenepa!"

Kanisa zima likaangua kicheko. Kombe likaenda kwa wengine, watoto wakalia, na Recheli akatamani ardhi ipasuke. Nje akapiga simu.

"Zablon, umenifanyia nini?"

"Mbona nilipima vizuri? Lita sita na nukta nane."

"Lita? Mimi nilisema kilo!"

"Sokoni asali tunaiita kilo, tunaipima kwa lita. Ndiyo mazoea yetu, mama."

"Asali ni nzito kuliko maji! Wewe uliyepima dhahabu hulijui hilo? Kazi yangu kwako ilikuwa mchezo tu."

Akakata. Wiki mbili hakupokea simu yake. Alimkumbuka, usiseme, lakini kila alipotaka kupokea alikisikia kile kicheko. Mtu anayekufanyia mambo kwa mazoea utaishije naye?

Jumamosi ya tatu, akifagia ua wa kanisa, akamwona Zablon anaingia. Shati limenyooshwa, mkononi mizani ndogo ya sonara.

"Usiseme kitu, mwalimu. Pima kwanza."

Akafungua kiberiti. Ndani mlikuwa na pete. "Nilitaka iwe nusu shekeli," akasema. Recheli akaiweka kwenye mizani.

"Tano na nukta mbili." Akaipima tena. "Nusu shekeli ni tano na nukta saba. Imepungua."

"Imepungua. Ni kile kipunje changu. Adinani sonara alipokiyeyusha, uchafu ukatoka. Akaniambia, weka shaba kidogo itimie. Nikakataa. Yule binti wa kisimani katika Biblia, aliyewanywesha ngamia, alipewa pete ya nusu shekeli kamili. Wewe nakupa pungufu, lakini ni dhahabu tupu, na nimekuambia ukweli wake. Sikupimii tena kwa mazoea. Nataka kukuoa, Recheli. Nitume mshenga, au nirudishe mizani ya watu nikalale?"

Machozi yakamtoka Recheli bila ruhusa. Akaivaa pete. Haikubana, haikulegea.

"We! Kidole changu ulikipima lini?"

"Sijakipima. Nilikiona siku ile ulipoonja asali."

Recheli akacheka huku analia. "Na vikuku? Yule binti alipewa viwili, shekeli kumi."

"Gramu mia moja na kumi na nne," Zablon akahema. "Hapo nipe muda, nitundike mizinga mingine."

Recheli akaichukua mizani, akamrudishia mkononi.

"Mpelekee Adinani mizani yake. Mimi nimeshamaliza kupima. Mshenga aje kesho, baba atakuwepo."